Makumbusho ya kisiwani kwa mfuko wa mama: njia ya mukuba mpaka Unguja



Kila siku, mchana na usiku, makamyo yanapita kwenye barabara yetu yakibeba mabamba ya mukuba na mifuko ya kobalti. Yanatoka Kolwezi, yanapita Likasi na Lubumbashi, yanavuka mpaka wa Kasumbalesa, yanakata Zambia, na mengi yanaenda kushusha mzigo kwenye bandari ya Dar es Salaam. Watoto wetu wanajua rangi za makamyo hayo na majina ya makampuni yaliyoandikwa ubavuni. Lakini ukiwauliza mbele ya Dar es Salaam kuna nini, wananyamaza.

Mbele ya Dar es Salaam kuna bahari, na ndani ya bahari kuna kisiwa. Kwa meli ya haraka ni karibu saa mbili. Jina lake ni Unguja. Wengi wanasema Zanzibar. Kiswahili tunachosema sokoni Dilala na Manika kilifika kwetu kwa miguu ya wafanya biashara na wapagazi waliotoka upande ule. Juma hili nataka tuzungumze namna mama mwenye mfuko mdogo anavyoweza kutembelea makumbusho ya kisiwa kile, yaani ile nyumba ambayo sisi kwa mazoea tunaita "mize", na namna ya kupata mahali pa kulala penye heshima bila kumaliza pesa ya nyumba.

Likizo kubwa iliyopita tulienda wamama watano wa kikundi na watoto watatu. Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyoyaona, pamoja na yale ambayo mwalimu anayasoma kabla ya kupeleka watoto mahali.

Pesa ya bukari na pesa ya kutembea

Najua neno la kwanza litakalosemwa: "Mwalimu, unga wa bukari umepanda, karo ya masomo haijalipwa, wewe unatuambia habari za kisiwa?" Ni neno la haki, na sitalipita kama mtu asiyesikia.

Jibu langu ni hili. Mtoto wa Kolwezi anakua akiona kwamba kitu cha thamani kwetu ni kile kinachochimbwa na kupelekwa mbali. Anaona mawe yanahesabiwa na kupimwa, lakini hakuna mtu anayempimia historia yake. Basi anaamini kwamba kabla ya kampuni kufika hapakuwa na kitu hapa. Mtoto anayeamini hivyo ni rahisi kumvuta aache kalasi aende kuosha mawe mtoni, kwa sababu jiwe peke yake ndilo analoona lina bei. Nyumba ya makumbusho haimpi mtoto chakula. Inamwonyesha kwamba watu wake walikuwa na akili na kazi ya mikono kabla hajazaliwa. Hilo nalo ni sehemu ya malezi, na malezi ni kazi yetu.

Lakini hakuna anayepanda ngazi kwa kuruka. Tuanze karibu.

Ngazi ya kwanza: Lubumbashi

Kutoka kwetu mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 300. Pale kuna Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Ndani mtoto ataona vyombo vya wazee, na ataona misalaba ya mukuba, ile ambayo Wafaransa wanaiita croisettes. Wazee wetu waliyeyusha mawe ya mukuba ndani ya tanuru za udongo wa kichuguu, wakamimina ndani ya kalibu, wakapata msalaba. Msalaba huo ulikuwa mali: mtu alilipa mahari nao, alinunua navyo vitu, alizikwa nao. Mwaka 1957 na 1958 wachimbuzi wa mambo ya kale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta watu wa zamani wamelazwa pamoja na vyungu vizuri sana na vitu vya mukuba. Misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa hata kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960.

Mama mmoja wa kikundi chetu alimpeleka pale mwanaye wa miaka 13. Kijana huyo alikuwa ameacha masomo miezi minne, anaosha mawe. Alisimama mbele ya msalaba wa mukuba muda mrefu, kisha akauliza: "Hawa walikuwa na mashine gani?" Mama alimjibu kwamba walikuwa na moto, mvukuto na akili. Sitawaambia kwamba siku ile yote yaligeuka. Kijana alirudi kalasini, na bado siku nyingine za shida tunamkosa. Lakini anauliza maswali ambayo mbele hakuuliza, na mwalimu anajua kwamba mtoto anayeuliza hajapotea.

Kwa kulala Lubumbashi, parokia na nyumba za masista mara nyingi zina vyumba vya wageni: kitanda safi, lango linafungwa mapema, chai asubuhi. Mwandikie mkuu wa nyumba mbele ya juma mbili, kwa jina la kikundi, mkitaja idadi ya wamama na watoto. Kikundi chenye barua na muhuri kinapokelewa vizuri kuliko mtu anayegonga lango usiku.

Ngazi ya pili: kisiwa

Mji wa zamani wa Unguja unaitwa Mji Mkongwe. Tangu mwaka 2000 uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Njia zake ni nyembamba, nyingi hazipitiwi na gari, na karibu kila kitu mnakiona kwa miguu. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya makumbusho ya kisiwa kidogo: ukishafika, pesa ya teksi inabaki mfukoni.

Mahali pa kwanza ni Mkunazini. Hapo palikuwa soko la watumwa. Lilifungwa mwezi wa sita 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mapatano na Waingereza. Mwaka ule ule Waanglikana walianza kujenga kanisa juu ya kiwanja kile, na askofu Edward Steere, ambaye alifanya kazi kubwa sana juu ya lugha ya Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi. Nje kuna shimo lenye sanamu tano za watu wenye minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998. Ndani ya kanisa kuna msalaba mdogo wa mti. Mti wake ulitoka Chitambo, Zambia, si mbali na mpaka wetu: ni ule mti ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873, kabla Susi na Chuma na wenzao hawajaubeba mwili wake mpaka pwani.

Watembezi wanashuka pia kwenye vyumba viwili vya chini, vya giza, na kuelezwa kwamba watumwa walifungiwa humo. Wanahistoria wengine wanasema vyumba hivyo vilijengwa baada ya soko kufungwa, wakati wa hospitali ya misioni. Waambieni watoto maneno yote mawili. Mtoto ajifunze kwamba hata ndani ya makumbusho mtu anaruhusiwa kuuliza: "Mnajuaje?" Hilo halipunguzi uchungu wa soko lenyewe, maana soko lilikuwapo, na watu waliuzwa hapo.

Msichana mmoja wetu, wa kalasi ya tano, aliuliza mbele ya zile sanamu: "Mama, hawa walitoka kwetu?" Jibu la kweli ni kwamba wengine walitoka Maniema, wengine upande wa ziwa Nyasa, wengine nchi nyingine za ndani. Na hapa lazima tuseme pia habari ya Bunkeya, ambayo leo iko ndani ya provensi yetu ya Lualaba. Msiri alikuja kutoka upande wa Unyamwezi, akajenga ufalme wa Garanganze. Kutoka kwake mukuba na pembe za ndovu zilitoka kwenda pwani, na watu pia waliuzwa. Mwezi wa kumi na mbili 1891 Msiri aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, na msafara huo ulikuwa umechukua wapagazi wake Unguja. Kwa hiyo kisiwa kile si hadithi ya watu wengine. Sisi tumo ndani yake, upande wa walioumizwa na upande wa waliouza.

Si Unguja peke yake. Mbali sana, kwenye visiwa vidogo vya bahari ya Karibi, watu wamefanya vivyo hivyo. Kisiwa cha Curaçao kina makumbusho ya Kura Hulanda, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na Guadeloupe ina Mémorial ACTe, iliyofunguliwa mwaka 2015 mahali palipokuwa kiwanda cha sukari. Wengi waliopelekwa visiwa vile walitoka Kongo na Angola. Wajukuu wao wanatembelea nyumba zile kwa ajili ya kujua walitoka wapi. Sisi tuliobaki tuna neno lile lile la kujua.

Mahali pa pili ni Makumbusho ya Kasri, nyumba ya zamani ya masultani mbele ya bahari. Hapo wamama watapenda habari ya Salme binti Said, binti wa Sultani, aliyezaliwa mwaka 1844. Siku zile msichana alifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakufundishwa. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alikimbia kisiwa, akaolewa na Mjerumani, akabatizwa jina la Emily, na mwaka 1886 kitabu chake cha maisha kilitoka Berlin. Mtoto wa kike akisikia habari ya ule mfupa wa ngamia, hatasema tena kwamba amekosa kuandika kwa sababu daftari limekwisha.

Mahali pa tatu ni Beit el Ajaib, Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili 2020, na ikafungwa kwa matengenezo. Mtu akitaka kuwauzia tiketi njiani, kwanza mwende mlangoni muone kama pamefunguliwa. Jirani yake kuna Ngome Kongwe, boma la mawe la Waarabu wa Omani, na kuingia ndani yake ni bure.

Na makumbusho ya nne ni milango. Mji Mkongwe una milango ya mbao iliyochongwa, na mingi ina vifundo vikubwa vya shaba ya njano. Shaba ya njano ni mukuba uliochanganywa na zinki, ile zinki inayotoka mahali kama Kipushi. Waambieni watoto wahesabu vifundo vya mlango mmoja, wachore, waulize mwenye nyumba habari yake. Hakuna tiketi. Nyumba ya Tippu Tip, yule mfanya biashara mkubwa aliyefika mpaka Kasongo, nayo inaonekana kwa nje. Tuheshimu nyumba ya watu.

Wenye nguvu ya kuendelea mbele wana visiwa vingine. Kilwa Kisiwani, kusini ya Dar es Salaam, masultani wake walipiga pesa zao za mukuba, na tano kati ya pesa hizo ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja cha kaskazini ya Australia! Lamu, huko Kenya, ina makumbusho yenye siwa ya shaba, baragumu kubwa la sherehe za wakubwa, na punda ndio makamyo ya mji.

Kulala: neno ambalo wamama wanaogopa

Sasa tuseme wazi. Kwetu, jina la nyumba ya kulala ya bei ndogo ni jina baya. Mama akionekana anatoka kwenye nyumba ya namna ile asubuhi, mtaa mzima unapika maneno. Kwa hiyo wengi wanaona kwamba mama mwenye heshima ama analala kwa ndugu, ama anabaki nyumbani. Hili ndilo linalotufunga miguu kuliko hata pesa.

Kwanza tujue majina. Kule Tanzania, "gesti" au "lojingi" ni nyumba ya kulala ya bei ndogo. "Hoteli" inaweza kuwa mahali pa kula tu, pasipo kitanda hata kimoja. Msishangae mkiomba chumba hotelini na kuletewa pilau.

Pili, kisiwani, gesti nyingi za Mji Mkongwe, upande wa Malindi, Vuga na Mkunazini, ni nyumba za zamani za familia. Vyumba ni vidogo, choo mara nyingi ni cha pamoja, na asubuhi mnapewa mkate, yai, matunda na chai. Na pale pale kwenye kiwanja cha kanisa la Mkunazini kuna nyumba ya St Monica, ambayo imepokea wageni miaka mingi kwa vyumba vya kawaida visivyo na makuu: mahali pa kulala na makumbusho ndani ya kiwanja kimoja. Dar es Salaam, mkingoja meli, kuna nyumba ya YWCA, chama cha wanawake Wakristo, ambayo nayo ina vyumba.

Tatu, haya ndiyo maswali ambayo mama anauliza mlangoni, mbele ya kutoa pesa:

Bei hii ni ya chumba au ya mtu? Mtoto anayelala na mama yake analipa?

Bei ni ya shilingi au ya dola? Kodi ya serikali ya kila usiku na chai ya asubuhi ziko ndani?

Naomba nione chumba. Mlango unafungwa kwa ndani? Chandarua kizima au kina matundu? Maji yanatoka saa zote?

Usiku nani anabaki mlangoni?

Mtaniandikia bei kwenye karatasi?

Swali la mwisho lilitusaidia. Kwenye gesti moja, jioni tuliambiwa bei ya chumba. Asubuhi mtu mwingine akasema bei ile ilikuwa ya kila mtu. Mama mweka hazina wetu hakupiga kelele. Alitoa ile karatasi yenye sahihi, akaiweka juu ya meza. Mambo yakaisha pale pale, tukanywa chai.

Ushauri mwingine: chukueni vyumba viwili vinavyotazamana, wamama wawili au watatu na watoto katika kila chumba. Bei inagawanyika, na hakuna anayebaki peke yake. Ukiwa kikundi, jina baya la gesti halikushiki, maana kila mmoja ni shahidi wa mwenzake.

Kula, kuvaa na kusema

Chakula cha bei ndogo mtakipata karibu na soko la Darajani, na jioni kwenye bustani ya Forodhani. Kuna urojo, supu nzito ya njano yenye bajia na viazi ndani, kuna muhogo, kuna samaki. Forodhani ulizeni bei mbele ya kula. Wakati wa Ramadhani mchana mikahawa mingi inafungwa, na si adabu kula barabarani.

Kisiwani wengi ni Waislamu. Vikwembe vyetu vinatosha kabisa: mabega yafunikwe, magoti yafunikwe. Sashe za plastiki za kubebea vitu ziacheni nyumbani, maana Tanzania ilizikataza tangu tarehe 1 mwezi wa sita 2019. Bebeni vikapu au mifuko ya nguo.

Lugha itawafurahisha. Mkisema bukari, watawauliza ni nini. Wao wanasema ugali. Sombe kwao ni kisamvu, lengalenga ni mchicha, masomo ni shule. Watacheka kidogo, nanyi mtacheka, lakini mtaelewana. Watoto wetu waliandika orodha ya maneno ya kwetu na ya kwao, yakafika 43. Hiyo peke yake ilikuwa somo la juma zima. Wale vijana wanaofuata wageni njiani wakitaka kuwaongoza, wenyeji wanawaita "papasi". Mwambie "asante, ndugu" na uendelee kutembea. Mwongozaji wa kweli ana kadi yake.

Karatasi na njia

Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini pasipoti bado ni lazima, na kwa familia ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote. Anzeni nayo mapema, mmoja mmoja. Karte ya chanjo ya homa ya manjano inatazamwa mpakani, kwa sababu sisi tunatoka nchi yenye ugonjwa huo. Mtoto akisafiri bila baba au bila wazazi wote wawili, awe na karatasi ya ruhusa yenye muhuri. Kuhusu viza, ulizeni Lubumbashi kwenye konsula za Zambia na Tanzania, kwa sababu mtapita nchi zote mbili. Na tangu mwezi wa kumi 2024 Zanzibar inadai wageni kutoka nje ya Tanzania bima ya safari ya dola 44; ulizeni kama inawahusu wote, mpaka watoto, mkatie hesabu.

Mama mwenye ndoa na ajue pia: sheria ya mwezi wa saba 2016 iligeuza Kodi ya Familia ya 1987, na ile kanuni ya kudai ruhusa ya bwana kwa kila tendo la kisheria iliondolewa. Hata hivyo amani ya nyumba hailindwi na sheria peke yake. Mwite bwana wako, mwonyeshe hesabu, mwambie mnalala wapi na nani. Wababa wengi wanakataa safari wasiyoielewa. Wakiielewa, wengine wanatoa hata pesa ya njiani.

Njia ni basi mpaka Lubumbashi, kisha Kasumbalesa, kisha mabasi ya Zambia mpaka Tunduma, kisha Dar es Salaam. Au mnashika reli ya TAZARA kutoka Kapiri Mposhi, kilomita 1.860 mpaka Dar es Salaam, reli iliyojengwa na Wachina miaka ya 1970 ili mukuba upate njia ya bahari. Treni ya abiria haitembei kila siku, na kuna vipindi inasimama kabisa. Ulizeni mbele ya kuondoka nyumbani. Siku za safari ni nyingi, basi hesabuni chakula cha njiani kama mnavyohesabu tiketi.

Likelemba ya safari

Pesa inatoka wapi? Tunajua likelemba. Hii ni likelemba ambayo hakuna anayekula zamu yake. Pesa inabaki ndani ya sanduku lenye funguo mbili, kila funguo kwa mama wake. Tuseme wamama 12, kila mmoja franka 5.000 kwa juma, majuma 36 ya mwaka wa masomo. Hiyo ni franka 2.160.000. Pesa hiyo haitawafikisha watu 12 kisiwani, na anayewaambia vingine anawadanganya. Lakini inawafikisha wamama na watoto Lubumbashi, wanalala siku mbili, wanaona makumbusho, wanarudi, na inabaki ya kuanzia pasipoti. Kisiwa ni cha mwaka wa pili au wa tatu. Mama asiyeweza 5.000 alete 2.000, na asiondolewe. Mtoto wake naye anasoma.

Watoto wanapofika makumbusho, wapeni maswali matatu tu kwa kila kitu: Kimetengenezwa kwa nini? Nani alikitumia? Kimefikaje hapa? Hilo la tatu ni zito. Mwezi wa pili 2022 serikali ya Ubelgiji ilikabidhi nchi yetu orodha ya vitu 84.000 vya Kongo vilivyo kwenye makumbusho ya Tervuren. Vingi bado viko kule. Mtoto aliyejifunza kuuliza "kimefikaje hapa?" kwenye kisiwa kidogo, kesho ataweza kuuliza hata Tervuren.

Tena hatuhitaji kungoja pasipoti ili kuanza. Kila mama ana kitu: chungu cha bibi, mvukuto wa babu, kofia na taa ya mzee aliyefanya kazi ya Gécamines, kikwembe cha ndoa ya zamani. Kwenye kalasi yangu tumetenga meza moja chini ya dirisha. Mtoto analeta kitu, anaandika jina lake, jina la mwenye nacho, na majibu ya maswali matatu. Kitu kinakaa juma moja, kisha kinarudi nyumbani. Leo tuna jiwe la kusagia, lililobebwa kutoka Lubudi na nyanya mmoja alipoolewa.

Jumamosi ijayo, baada ya mkutano wa kikundi, tutaandika majina ya wale wanaotaka kuanza likelemba ya Lubumbashi. Njoo na daftari, na ukiweza, njoo na kitu kimoja cha zamani kutoka nyumbani kwako, utueleze habari yake.